Nyerere Alivyowashawishi Wenzake Tabora

Tukisema fulani anajua kuongea, mara nyingi tunamaanisha ana sauti nzito, misemo mingi, na anapigiwa makofi. Lakini kupigiwa makofi na watu ambao tayari wako upande wako si kazi. Kazi ni kuwabadilisha mawazo wenzako wakiwa wamekasirika. Julius Kambarage Nyerere aliifanya kazi hiyo Tabora, Januari 1958.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Kiswahili hakukikuta nyumbani, alijifunza Shule ya Mwisenge, Musoma, alikoanza akiwa na miaka 12. Mwaka 1937 akaja Shule ya Serikali ya Tabora. Mji huu ulikuwa njiapanda tangu enzi za misafara: waliotoka Bagamoyo walifika hapa, wengine wakaendelea Ujiji, wengine wakashika njia ya kaskazini kwenda Buganda. Watu wa makabila mbalimbali walizoea kuelewana hapa kwa Kiswahili. Pale shuleni kijana Nyerere alishiriki sana katika chama cha midahalo. Baada ya Makerere akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, halafu akaenda kusoma Edinburgh. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 yeye akiwa rais wake, na mwaka uliofuata akaacha ualimu.

Sasa njoo kwenye mkutano wa 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Haki ya kupiga kura nayo ilikuwa na masharti yaliyowaacha nje Waafrika wengi. Nyerere mwenyewe alikuwa ameupinga mpango huo, na wajumbe wengi walikuja Tabora wakitaka TANU isusie. Yeye akasimama kuwaomba washiriki.

Angalia alivyofanya. Hakuwaambia kwamba hasira yao ni ya kijinga. Alitoa mfano wa mtu anayetakiwa kuvuka matope kufika shambani kwake, naye amevaa nguo nyeupe. Kwa mfano huo alishakubali kwamba kura tatu ni uchafu, kwa hiyo hakuna mjumbe aliyehitaji kubishana naye hapo. Swali likabaki moja tu: je, tulinde nguo au tuokoe shamba? Halafu kulikuwa na hesabu ya kawaida: TANU ikisusia, viti vinakwenda kwa UTP, chama kilichopendwa na Gavana Twining. Mfano uliwatuliza, hesabu ikawapa sababu ya kubadilika bila aibu.

Wengi walikubali, ila si wote. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake, Congress. Lakini katika uchaguzi wa 1958 na 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda, UTP ikafifia, na uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mkutano ule tunauita hadi leo Uamuzi wa Busara.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Mwaka 1973 akiwa Rais aliamuru watu wote vijijini wahamie vijiji vya ujamaa, na sehemu nyingi walihamishwa kwa nguvu. Yule yule aliyewashawishi wajumbe kwa mfano wa matope, safari hii hakusubiri wakulima washawishike. Vijiji vingi havikuleta mavuno yaliyotarajiwa. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Kwetu tunaosomea ualimu, na kwa wale mnaojiandaa kugombea uongozi wa wanafunzi, somo lipo wazi. Kabla ya kushika kipaza sauti, jiulize: wanaonipinga wana haki gani? Itaje wewe kwanza, kwa mdomo wako, tena kwa lugha wanayoitumia wao. Ukishindwa kuitaja, bado hujawa tayari kuwaomba kura.