Mobutu Sese Seko: maisha ya raisi yaliyoandikwa kwenye noti za zaire

Wanaokusanya feza za zamani hupanga noti za zaire kwa kufuata miaka. Mwenye kuzitazama anaona maisha ya mtu mmoja: Mobutu Sese Seko.

Alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930, kwa jina la Joseph-Désiré. Alikuwa askari wa Force Publique, kisha mwandishi wa habari. Tarehe 24 Novemba 1965 akapindua serikali.

Mwezi wa Juni 1967 aliondoa franga na kuleta zaire. Zaire moja ilichukua nafasi ya franga 1000, na ilikuwa na bei ya dola mbili. Agosti mwaka ule ule, mamluki wa Jean Schramme waliuteka muji wa Bukavu. Jeshi la Mobutu liliwafukuza Novemba. Mwaka 1971 inchi yenyewe ikaitwa Zaire, na noti zikamuonyesha raisi na kofia yake ya chui.

Lakini thamani ilianguka. Tarehe 25 Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na wanainchi wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekaa mbali na banki alipoteza akiba yake yote.

Januari 1993 askari walilipwa kwa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, askari wakafanya fujo na uporaji Kinshasa, watu wengi wakauawa. Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani.

Mwishoni mwa Oktoba 1996 AFDL iliikamata Bukavu. Mobutu alikuwa Ulaya akitibiwa kansa ya prostate, na noti kubwa zilizotoka wakati huo wanainchi waliziita jina la ugonjwa huo. Alikimbia Kinshasa tarehe 16 Mei 1997, akafariki Rabat, Maroko, tarehe 7 Septemba.

Tarehe 30 Juni 1998 franga ilirudi, moja kwa zaire mpya 100.000. Ni kusema, aliyeficha zaire za mwaka 1967 angehitaji bilioni 300 ili apate franga moja. Ndiyo sababu, hata leo, wazazi wengi wa Bukavu wakitaka kuweka akiba ya masomo ya watoto wanatafuta dola kwanza.