Mwenzi wa Ndoa na Afya ya Moyo

Mwenzako akianza kugumia usiku wa manane, je, utaamka au utageukia ukutani? Uchunguzi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba, kwa wastani, wagonjwa wa moyo walio katika ndoa huishi muda mrefu kuliko waseja, wajane na waliotengana. Maisha ya Dwight Eisenhower, Rais wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1961, yanatusaidia kuelewa sababu moja.

Eisenhower alimwoa Mamie Doud tarehe 1 Julai 1916, nyumbani kwa wazazi wa Mamie mjini Denver. Ndoa yao ilionja machungu. Mwaka 1921 kifungua mimba wao alifariki akiwa na miaka mitatu, na huzuni ikaleta ubaridi kati yao. Baadaye Vita Vikuu vya Pili viliwatenga kwa muda mrefu. Hata hivyo, hawakuachana.

Mnamo Septemba 1955 Rais alikuwa likizoni katika nyumba ileile ya wakwe zake. Mchana wa tarehe 23 tumbo lilimsumbua, akadhani ni vitunguu alivyokula. Usiku maumivu makali yakamshika kifuani. Mamie alimsikia akihangaika, akampigia simu daktari. Baadaye vipimo vilithibitisha kuwa ni mshtuko wa moyo.

Mamie alihamia chumba cha karibu na mumewe hospitalini, akawa naye kwa majuma saba, huku akijibu maelfu ya barua za kumtakia nafuu. Mwaka uliofuata Eisenhower alichaguliwa tena. Alifariki tarehe 28 Machi 1969, zaidi ya miaka 13 baada ya usiku ule.

Ni kweli, Rais hakukosa madaktari hodari. Lakini usiku ule aliyemsikia kwanza ni mkewe.

Basi wewe mume, wewe mke, pete pekee si dawa. Nyumba ya ugomvi wa kila siku huulemea moyo. Mwenzako akibanwa na kifua, maumivu yakaenea mkononi au tayani, akatokwa na jasho jembamba au kukosa pumzi, usimpe dawa ya tumbo na kungoja kupambazuke. Mpeleke hospitali mara moja. Akirudi nyumbani, mkumbushe dawa zake na umsaidie kuacha sigara.

Na kama jirani yako anaishi peke yake, mbishie hodi. Naye anahitaji sikio la kumsikia usiku.