Bobby Moore: kepteni wa Kombe la Dunia aliyeondoka na kansa ya utumbo

Mpira wa Uingereza mnaujua kuliko mimi, ila leo namkumbuka jamaa ambaye wengi wetu hatukumwona akicheza.

Bobby Moore alizaliwa 1941 huko Barking, upande wa mashariki wa London. Alikuwa beki wa West Ham. Mbio hakuwa nazo, ila mchezo aliusoma mapema. Mwaka 1964, akiwa na miaka 23, alifanyiwa upasuaji wa kansa ya korodani, akanyamaza kimya. Tarehe 30 Julai 1966 akaiongoza England kuichapa Ujerumani Magharibi 4-2 pale Wembley. Alipopanda kupokea kombe akaona glovu nyeupe za Malkia, akafuta kwanza matope mikononi. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa usafi na haya.

Aprili 1991 alipasuliwa tumbo kwa dharura. Kansa ya utumbo mpana! Baadaye ikasambaa hadi kwenye ini. Tarehe 17 Februari 1993 alikuwa Wembley akichambua mechi ya England redioni. Wiki moja baadaye, tarehe 24, akafariki. Miaka 51 tu.

Kinachoniuma ni kwamba kansa hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye utumbo, ikachukua miaka kukomaa. Hapo katikati inaweza kuvujisha damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Kipimo chake hakina sindano wala kamera. Unachukua kinyesi kidogo kwa kijiti, unatia kwenye kichupa, maabara wanatafuta damu. Ikionekana ndipo unaitwa kuchunguzwa kwa kamera.

Mwaka huohuo wa 1993 mjane wake, Stephanie, alianzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huu kwa jina la mumewe. England ilianza kuwatumia watu vipimo vya choo majumbani mwaka 2006, na toka 2019 wanatumia kile kinachotambua damu ya binadamu tu. Kepteni alikuwa keshazikwa kitambo.

Nyie vijana mtasema bado. Sawa, lakini baba na mama je? Wakifika 50, waulizeni daktari kuhusu kipimo hiki. Na ukiona damu chooni, wewe usingoje kipimo wala usijiambie ni bawasiri tu. Nenda hospitali, hata kama una miaka 20.

Matope ya mikononi yanafutika, bwana. Aibu ya choo ndiyo inayotumaliza. Au nadanganya? Haya, uwanja wenu.