John Akii-Bua: polisi wa Uganda aliyeshinda dunia mu sekunde 47

Ukienda Kampala kwa biashara, ukapanda ku mutaa wa Nakasero, utakuta barabara inaitwa Akii-Bua. Watu wengi wanaipita tu, wanafikiri labda ni jina la mutu wa siasa. Hapana. Ni jina la polisi, mutoto wa kabila la Lango, kaskazini ya Uganda. Yeye njo Muganda wa kwanza kuletea inchi yake medali ya zahabu ya Michezo ya Olimpiki.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako. Baba yake alikuwa shefu, mwenye wanawake 8 na watoto 43. Mu nyumba kama ile, hata kama baba ni mukubwa, kila mutoto anajitafutia sahani yake. Baba akafa wakati John angali kijana, na masomo yakakatika. Akachunga ngombe za jamaa, akauzisha pombe mu baa ya kwao, kisha akashuka Kampala kutafuta kazi ya polisi. Walimupokea.

Polisi ya Uganda wakati ule ilipenda michezo sana. Kijana murefu, mwenye miguu myepesi, hakukosa kuonekana. Walimutia mu mbio za viunzi, ni kusema zile ambamo unakimbia huku unaruka vizuizi. Alianza na mbio fupi za metre 110. Lakini Malcolm Arnold, Muingereza aliyekuwa anafundisha wakimbiaji wa Uganda, alimuangalia akaona mahali pake ni kwingine: metre 400.

Wenye hawajaziona mbio hizi waelewe vizuri. Ni kuzunguka kiwanja chote mara moja, kwa nguvu zote, na njiani kuna viunzi 10, kila kimoja kinakufikia karibu na kiuno. Kati ya kimoja na kingine kuna metre 35. Ukikosea hesabu ya hatua, unafika ku kiunzi na muguu mubaya, unapunguza mwendo, na mbio zimekwisha. Wengi wanajua kuruka kwa muguu moja tu. Akii-Bua aliweza kuruka kwa wa kuume ao wa kushoto, vile hatua zinavyomuletea. Mukiendelea kusoma mutaona ile ilimusaidia wapi.

Mwaka 1970, ku michezo ya inchi za Commonwealth kule Edinburgh, alifika wa ine. Wa ine hapewi kitu. Mwaka uliofuata alienda Marekani, ku muji wa Durham, mu mashindano kati ya Wamarekani na Waafrika, akakimbia sekunde 49 kamili. Mwaka ule hakuna mutu duniani aliyepita pale. Hata hivyo Wazungu wengi hawakumuhesabu. Walizoea kwamba Mwafrika anashinda mbio ndefu, kama Abebe Bikila wa Ethiopia ao Kipchoge Keino wa Kenya. Viunzi vilionekana kuwa mambo ya watu wenye viwanja vizuri na walimu wengi.

Akii-Bua alikuwa na mwalimu mumoja na kazi nyingi. Alijifunga koti lenye uzito wa kilo karibu 11, akakimbia nalo kwa muda murefu akiruka viunzi vya sentimetre 107, wakati vile vya mashindano yake vina 91 tu. Wale wanaopandisha mifuko ya mawe kutoka shimoni huku Kamituga ao Nyabibwe wataelewa bila kuambiwa: siku unatua muzigo, mwili unajisikia kama hauko chini.

Siku ya kuutua ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972, Munich, Ujerumani. Fainali ilikuwa na watu 8. Muingereza David Hemery alikuwa bingwa wa Olimpiki ya 1968 na mwenye rekodi ya dunia, sekunde 48,12. Mumarekani Ralph Mann naye aliogopwa. Akii-Bua akapata njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Hakuna anayeitaka, juu kona zake ni kali kushinda zote, na kuruka kiunzi huku unapinda ni sawa na kukimbia na ndoo ya maji bila kumwanga.

Hemery akatoka kama mutu anayefukuzwa. Mu nusu ya kwanza yeye njo alikuwa mbele. Akii-Bua hakushituka. Alihesabu hatua zake, akabadilisha muguu wakati inahitajika, akaendelea kumukaribia, na ku kona ya mwisho, pale pabaya pa njia ya kwanza, akamukamata. Walipoingia mu mustari wa mwisho wengine walikuwa wanachoka, yeye bado anaruka. Saa ikasimama ku 47,82. Hakuna mutu aliyewahi kushuka chini ya 48 mbele yake. Mann akapata ya pili kwa 48,51 na Hemery ya tatu kwa 48,52.

Kisha akafanya kitu ambacho watu walikikumbuka kuliko saa yenyewe: hakusimama. Akaendelea kuzunguka kiwanja akichekelea, akiruka viunzi tena, hata mahali ambapo hapakuwa kiunzi.

Nyumbani Idi Amin alimupokea kwa shangwe. Akamupandisha cheo, akamupa nyumba, na jina lake likatiwa ku barabara ile. Lakini Amin alikuwa amemuangusha Milton Obote mwanzo wa 1971, na Obote ni Mulango. Walango na Waacholi wengi, zaidi waaskari, waliuawa mu miaka ile. Mulango mumoja anapigiwa makofi, na ndugu zake wanatafutwa usiku. Zahabu ilimukinga, lakini aliishi akijua ngao ile ni ya mutu mwingine, anaweza kuiondoa saa yoyote.

Mwezi wa Januari 1973 akashinda tena, ku Michezo ya Afrika kule Lagos. Kisha ikafika 1976, Olimpiki ya Montreal. Alikuwa na miaka 26. Inchi za Afrika zaidi ya 20 zikakataa kukimbia, juu New Zealand ilituma timu yake ya rugby kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Uganda ikawa kati yao. Kwa mimi sababu ilikuwa ya haki. Lakini tuseme pia nani alilipa: si maraisi. Mu fainali ile, Mumarekani kijana Edwin Moses akashinda na kumunyanganya rekodi, na dunia haikupata kuwaona wawili hawa wakigombania medali ile. Miguu ni kama mushipa wa zahabu mu mwamba, haikungoji.

Mwezi wa Aprili 1979 jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni wakaingia Kampala. Akii-Bua, polisi wa serikali iliyoanguka, akakimbilia Kenya na jamaa yake. Bingwa wa Olimpiki akalala mu kambi ya wakimbizi. Hapa Bukavu hatuhitaji kueleza maana yake. Kampuni ya viatu Puma njo ilimutoa, ikamupeleka Ujerumani na kumupa kazi. Inchi iliyomuona anaruka akicheka, sasa ilimuona kama mukimbizi. Mwaka 1980 alikimbia tena kwa jina la Uganda, Moscow, lakini hakufika fainali.

Alirudi kwao mwaka 1983, akaingia tena polisi, akafundisha vijana mbio. Mali ya bingwa hakuwa nayo. Siku zake sheria ya Olimpiki ilikataza mukimbiaji kulipwa kwa kukimbia, na mushahara wa polisi unajulikana. Bibi yake alikufa mbele yake. Yeye alikufa Kampala tarehe 20 Juni 1997, na miaka 47, akiacha watoto 11. Serikali ikamuzika kwa heshima za taifa.

Zahabu ya pili ya Uganda ilichelewa miaka 40. Stephen Kiprotich aliipata London mwaka 2012, mu mbio ndefu za marathon. Naye alikuwa mutumishi wa serikali, mulinzi wa gereza.