Robert Koch, aliyegundua bakteria wa kifua kikuu

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi sita. Huwa naanza na Robert Koch, daktari Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1843. Machi 24, 1882, mjini Berlin, alitangaza kuwa amegundua bakteria wa ugonjwa huo. Mwaka 1890 alitoa dawa yake, tuberkulini, lakini haikuponya. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, akafariki mwaka 1910 bila kuijua siri moja: bakteria huyo ana vimeng'enya vinavyomwezesha kula mafuta ya mwili wetu na kujificha mapafuni muda mrefu. Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara wa mpakani, kikohozi kikipoa usiache dawa. Zimalize.