FRÖBEL, MZEE WA BUSTANI YA WATOTO

Mwaka huu tuliambiwa tuandike juu ya maisha ya watu mashuhuri. Wenzangu wengi wamekimbilia marais na wanariadha. Mimi nimemchagua mzee mmoja Mjerumani ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwatazama watoto wadogo wakicheza. Msinicheke! Nina sababu yangu, na nitaitaja bila kuficha.

Jina lake ni Friedrich Fröbel. Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, milima ya Thuringia, huko Ujerumani. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa mwenye shughuli nyingi. Mamake alifariki kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Baba akaoa tena. Mama wa kambo alimpenda mwanzoni, lakini alipojaliwa mtoto wake mwenyewe, mapenzi yakahama. Fröbel akawa mtoto wa kuzungukazunguka bustanini peke yake, marafiki wake wakiwa mimea na maua. Alipofika miaka kumi, mjomba wake alimhurumia akamchukua, na huko akapata kusoma na kucheza na wenzake.

Ujana wake nao haukuwa mteremko. Alijifunza kazi ya misitu, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Jena, na huko deni likamwandama mpaka akafungwa wiki tisa katika jela ya chuo. Sisi tunaofukuzwa kwenda nyumbani kuleta karo, tushukuru Mungu hatufungwi! Alitaka kuwa mchoraji wa ramani za majengo, lakini mwaka wa 1805, mjini Frankfurt, alipewa darasa afundishe. Hapo akatambua kwamba hii ndiyo kazi yake. Kuanzia 1808 hadi 1810 aliishi Yverdon, Uswisi, akijifunza kwa mwalimu mashuhuri Pestalozzi. Mwaka wa 1813 alijitolea jeshini kupigana na Napoleon. Vita vilipopoa, alifanya kazi Berlin katika jumba la kuhifadhi mawe na madini, na mwaka wa 1816 akaanzisha shule yake ambayo baadaye ilihamia Keilhau.

Mwaka wa 1837, akiwa na miaka 55, umri ambao wengine huanza kufikiria kustaafu, alianza jambo jipya kabisa katika mji wa Blankenburg. Alitengeneza vitu vya kuchezea vya watoto wadogo. Si vitu vya ajabu. Kulikuwa na mipira sita ya sufu yenye rangi mbalimbali. Kulikuwa na tufe na mchemraba wa mbao. Kulikuwa na mchemraba mwingine uliogawanywa vipande vinane vidogo. Basi! Vipande hivyo vinane leo ni kiti, kesho ni daraja, kesho kutwa ni nyumba ya nyanya. Mwaka wa 1840 akaupa mpango wake jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Humo kila mtoto alikuwa na kijishamba chake cha kupanda. Mwalimu kwake alikuwa kama mkulima: anapalilia na kumwagilia maji, lakini havuti mhindi juu ili urefuke haraka.

Sasa niseme sababu yangu. Nina mdogo wangu wa miaka mitano, yuko chekechea. Sisi wa shule ya kutwa tunarudi nyumbani jioni, na baba ameniagiza nimfundishe nambari mpaka mia moja. Jioni moja nilimkuta amejaza mlango wa jikoni vifuniko vya soda, vijiti na pakiti za maziwa, wala kitabu hajakigusa. Nikakasirika. Nikazoa kila kitu nikatia motoni. Alilia mpaka akalala bila kula, na kesho yake akakataa hata kushika penseli.

Wiki ile ndipo nilipokutana na habari za Fröbel katika kitabu kikuukuu cha maktaba. Kwa kweli niliona haya. Nilienda kwa fundi seremala nikaomba vipande vya mbao, nikaokota vifuniko vingine, nikampa mdogo wangu bila kumwamuru afanye nini. Akajenga kituo cha matatu. Vifuniko wakawa abiria. Kumi na wanne wakapanda, watatu wakashuka, akahesabu waliobaki, tena bila kuulizwa. Kumbe hesabu ilikuwa humo humo nilimoichoma! Baba bado hajakubali sana. Anaogopa mtoto atabaki nyuma ya wenzake, na simlaumu, kwa sababu karo yatoka jashoni mwake. Tumeelewana nambari kwanza kidogo, halafu mchezo. Ila sichomi tena.

Fröbel mwenyewe hakuishi kuona ushindi. Mwezi wa Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani zake, eti zinafundisha watoto kumkana Mungu na kuipinga serikali. Inasemekana walimchanganya na mpwa wake Karl aliyekuwa na maandishi makali. Alifariki tarehe 21 Juni 1852. Marufuku iliondolewa mwaka wa 1860, yeye akiwa kaburini. Lakini mbegu ilikuwa imeshapeperuka: mwaka wa 1856 mwanafunzi wake Margarethe Schurz alikuwa amefungua bustani kama hiyo huko Watertown, Marekani. Hata hivyo, baadhi ya wafuasi wake waliharibu mambo, wakageuza vile vibao kuwa amri: weka hapa, toa pale. Hapo mchezo ukafa, ukabaki somo lingine tu.

Kaburi lake, huko Schweina, lina jiwe la mchemraba, silinda na tufe, vitu vile vile vya watoto.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ni kweli, lakini mwenye kuufinyanga wakati mwingine ni mtoto mwenyewe. Ukifika nyumbani jioni ya leo ukute kalongolongo mlangoni, tafadhali ruka upite.