Mitterrand: Rais aliyebeba siri ya saratani kwa miaka 11

RAIS François Mitterrand wa Ufaransa alikuwa hajatimiza miezi sita mamlakani alipoambiwa kwamba siku zake zilikuwa za kuhesabika. Ilikuwa Novemba 16, 1981. Profesa Adolphe Steg, daktari bingwa wa magonjwa ya mfumo wa mkojo, alimfahamisha kuwa alikuwa na saratani ya tezi dume na kwamba maradhi hayo yalikuwa yamekwisha kufika mifupani.

Muda aliokadiriwa kubaki nao ulikuwa kati ya miezi mitatu na miaka mitatu. Aliishi miaka 14 zaidi. Katika miaka hiyo, 11 ya mwanzo aliipitisha akilificha taifa lake jambo ambalo huenda lilimwandama kila asubuhi alipoamka.

Tezi dume ni kiungo kidogo, kama ndimu, kilichoko chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanamume anacho, na wengi huanza kusikia habari zake baada ya kupita umri wa miaka 50. Mahali kilipo ndipo panapoleta shida ya maneno: huwezi kuzungumzia tezi hiyo bila kutaja mkojo, unyumba na mambo mengine ambayo mwanamume mzima, hasa mwenye cheo, hufunzwa tangu utotoni kuyafunika.

Na Mitterrand alikuwa fundi wa kufunika mambo.

Alizaliwa Oktoba 26, 1916 katika mji mdogo wa Jarnac, magharibi mwa Ufaransa. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alikuwa askari. Akajeruhiwa na kutekwa na Wajerumani mwezi Juni 1940. Alijaribu kutoroka mara mbili akashindwa, akafanikiwa mara ya tatu mwezi Desemba 1941. Aliporejea, alifanya kazi katika utawala wa Vichy ulioshirikiana na Wajerumani, kisha akajiunga na wapiganaji wa chini kwa chini waliompinga adui, akitumia jina la bandia la Morland. Sura hiyo ya kwanza, ya Vichy, aliizungumza kwa shida hadi uzeeni.

Mkewe, Danielle, alimuoa mwaka wa 1944. Lakini mwezi Desemba 1974 alipata binti, Mazarine, kwa mwanamke mwingine, Anne Pingeot, na kwa karibu miaka 20 umma haukuarifiwa kuwepo kwa familia hiyo ya pili. Mtu aliyezoea kuishi kwa mafungu namna hiyo hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuficha ugonjwa.

Kisiasa, alikuwa mvumilivu. Alishindwa na Charles de Gaulle katika uchaguzi wa 1965, akashindwa tena na Valéry Giscard d'Estaing mwaka wa 1974 kwa tofauti ndogo mno, kabla ya kuibuka mshindi Mei 10, 1981.

Ikumbukwe kwamba Wafaransa walikuwa wangali na jeraha la Rais Georges Pompidou, aliyefariki akiwa mamlakani Aprili 2, 1974. Uso wake ulikuwa umevimba machoni pa dunia nzima, ilhali taarifa rasmi zilitaja mafua. Ndiyo maana Mitterrand aliahidi kwamba taarifa za afya yake zingetolewa hadharani kila baada ya miezi sita.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomtia mtegoni. Maumivu ya mgongo na mguu yalipomzidi mwaka huo wa 1981, alipelekwa kupimwa katika hospitali ya kijeshi ya Val-de-Grâce, jijini Paris, kwa jina lisilokuwa lake. Majibu yalipotoka, aliamuru yachukuliwe kuwa siri ya dola. Kuanzia hapo daktari wake binafsi, Claude Gubler, akawa na kazi mbili: kumtibu mgonjwa, na kutia sahihi taarifa zilizosema kwamba mgonjwa huyo hana tatizo.

Zikatolewa, mwaka baada ya mwaka, kila miezi sita kama ilivyoahidiwa.

Matibabu yenyewe yalitegemea dawa za homoni. Tangu 1941, daktari Charles Huggins wa Chicago alikuwa ameonyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni za kiume, na kwamba homoni hizo zikizuiwa, uvimbe hunywea. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966. Mwili wa Mitterrand uliitikia tiba kuliko ilivyotarajiwa. Saratani haikuondoka, bali ililala. Gubler alisafiri naye kila alikokwenda, na vifaa vilivyotumika havikuachwa nyuma katika nchi za watu, lisije jicho la jasusi likayasoma yaliyokuwa yakitendeka chumbani.

Mei 8, 1988 alichaguliwa tena kwa muhula wa miaka saba. Wapigakura hawakujua chochote.

Wanaomtetea husema kwamba rais anayekiri kuwa na saratani huwa amekwisha kung'olewa kabla ya kura kupigwa, na katika miaka ile hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini siasa ni nusu tu ya habari. Kuna nusu ya pili, ya mwanamume wa miaka 65 ambaye hakuwa na mwenzake hata mmoja wa kumuuliza maswali ambayo daktari hayajibu vyema kwa sababu hajawahi kuyaishi.

Dawa za homoni huleta vipindi vya joto jingi mwilini, huondoa hamu ya tendo la ndoa, na nyingine hufanya matiti ya mwanamume yavimbe. Upasuaji unaweza kuacha mkojo ukivuja na nguvu za kiume zikipungua. Aliyeyapitia anaweza kumwambia anayeanza safari ni lipi hupoa kwa muda, ni lipi halipoi, na namna ya kumweleza mke. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mitterrand alikuwa na madaktari bora zaidi nchini mwake, lakini mgonjwa mwenzake hakuwa naye.

Wakati huohuo, upande wa pili wa Atlantiki, wanaume wa kawaida walikuwa wameanza kufanya jambo ambalo Ikulu ya Elysée isingeliwazia. Mwaka wa 1990, wagonjwa wachache wa Chicago waliungana na daktari wao kuanzisha chama cha Us TOO, ambamo wanaume wenye saratani ya tezi dume walikutana, wakaketi kwa duara na kuzungumza. Walikuwa wameiga mfano wa wanawake wenye saratani ya matiti, waliokuwa wametangulia kwa miaka mingi. Seneta Bob Dole, aliyepasuliwa mwaka wa 1991, hakuona haya kusimulia yaliyompata, na baadaye akajitokeza hata katika matangazo ya televisheni kuhusu upungufu wa nguvu za kiume.

Pengine karibu zaidi Mitterrand alipofikia mazungumzo ya aina hiyo ni kwa Marie de Hennezel, mwanasaikolojia aliyewahudumia wagonjwa mahututi katika kitengo cha kwanza cha tiba shufaa nchini Ufaransa, kilichofunguliwa Paris mwaka wa 1987. Rais alizungumza naye mara nyingi kuhusu kifo na jinsi watu wanavyokikabili. Mwaka wa 1995 aliandika dibaji ya kitabu chake, na asomaye kurasa hizo huona mtu anayeuliza kwa niaba yake mwenyewe huku akionekana kuulizia wengine.

Siri ilianza kupasuka Septemba 1992. Mnamo Septemba 3, mzee huyo aliketi mbele ya kamera katika chuo cha Sorbonne kutetea Mkataba wa Maastricht. Siku nane baadaye Steg alimpasua katika hospitali ya Cochin, na Septemba 16 taifa likatangaziwa kuwa rais ana saratani ya tezi dume. Septemba 20 mkataba ukapita katika kura ya maoni kwa asilimia 51.

Hata hivyo, ukweli huo ulikuwa nusu. Ulitangazwa kana kwamba maradhi yalikuwa yamegunduliwa wiki ileile. Wafaransa walimhurumia mgonjwa mpya, kumbe alikuwa mgonjwa wa miaka 11.

Julai 1994, Mitterrand alizuru Afrika Kusini, akiwa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa nje kumtembelea Nelson Mandela baada ya kuapishwa. Mandela naye aliwahi kupasuliwa tezi dume iliyokuwa imevimba, mwaka wa 1985, angali mfungwa. Wiki chache zilikuwa hazijapita tangu ziara hiyo Mitterrand aliporudi tena kwenye meza ya upasuaji huko Cochin.

Saratani ya tezi dume ilimfikia Mandela mwaka wa 2001, akiwa na umri wa miaka 83. Dunia iliarifiwa mwezi Julai mwaka huohuo, pamoja na kwamba angetibiwa kwa mionzi kwa wiki saba. Hakukuwa na jina la bandia. Ni kweli hakuwa rais tena na hakuwa na kura ya kupoteza. Lakini katika bara ambamo wazee wengi hufariki kwa ugonjwa huo huku jamaa zao wakisema ni mgongo tu, taarifa ile fupi ilikuwa na manufaa yake.

Mitterrand aliondoka mamlakani Mei 17, 1995. Krismasi ya mwaka huo aliipitisha Aswan, nchini Misri, pamoja na Anne na Mazarine. Aliporejea Paris, aliamua mwenyewe kuacha matibabu. Alifariki Januari 8, 1996 akiwa na umri wa miaka 79. Mazishini, huko Jarnac, familia zote mbili zilisimama kando ya jeneza.

Siku tisa baada ya kifo, Gubler alichapisha kitabu akieleza yote, na kudai kwamba kufikia mwisho wa 1994 rais hakuwa tena na uwezo wa kutekeleza kazi yake. Familia ilikwenda mahakamani, na kitabu kikapigwa marufuku siku iliyofuata, nakala karibu 40,000 zikiwa zimeshanunuliwa. Mwenye mkahawa mmoja wa intaneti mjini Besançon alikiweka mtandaoni kikasomwa kote. Daktari alihukumiwa kifungo cha nje cha miezi minne kwa kufichua siri ya mgonjwa, na akafutwa katika orodha ya madaktari. Kwa taarifa za uongo alizotia sahihi kwa zaidi ya mwongo mmoja, hakufungwa.

Mei 18, 2004 Mahakama ya Haki za Kibinadamu ya Ulaya iliamua kwamba Ufaransa ilikiuka uhuru wa kujieleza kwa kuendeleza marufuku hiyo, na mwaka uliofuata kitabu kikarudi madukani. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imekwisha kupata chama cha kitaifa cha wagonjwa wa saratani ya tezi dume, kilichoanzishwa na wagonjwa wenyewe, ambapo mwanamume aliyepewa majibu leo anaweza kupiga simu na kujibiwa na mwanamume aliyewahi kupewa majibu hayohayo.